Majina Matatu, Vizazi Saba: Hesabu ya Kuutafuta Ukoo Daftarini

Kila mtu ana wazazi 2, juu yao mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16. Ukipanda ngazi kumi utakuta safu yenye watu 1,024, na ukiwajumlisha wote kuanzia baba na mama unapata 2,046. Jina la upande wa kuumeni linapita kwa mmoja tu katika kila safu: baba, baba wa baba, baba wa babu. Katika watu 2,046, wanaolibeba ni 10. Anayetaka kujua jina lake limetoka wapi aianze safari na hesabu hiyo mkononi, kwa kuwa ndiyo inayoamua atatumia muda gani, fedha kiasi gani, na wapi atasimama.

Kwetu iko hesabu ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Pwani na katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara, mtu hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake. Hamisi Juma Selemani ni mwana wa Juma, na Juma ni mwana wa Selemani. Hamisi akizaa, mwanawe ni Rashidi Hamisi Juma, na Selemani anatoka. Wengi huuona utaratibu huu kuwa ni hasara: jina halikai, kila kizazi lingine. Mimi nauona ni utajiri ambao hatujauhesabu. Mstari wa daftari wenye jina la mtu na jina la ukoo lisilobadilika humtaja mtu mmoja na kundi lake. Mstari wetu unataja watu watatu, kwa mpangilio, kila mmoja akimtolea ushahidi aliyemtangulia.

Tuseme unataka vizazi saba, wewe ukiwa wa kwanza. Kwa kizazi cha miaka 30, aliyezaliwa mwaka 2000 anamfikia mtu aliyezaliwa karibu na 1820, Sultani Seyyid Said akiwa bado hajahamishia makao yake Unguja. Utahitaji hati ngapi? Ukiridhika kila hati mbili zikutane kwa jina moja tu, zinatosha 3: ya kwanza inakupeleka kwa babu, ya pili ni ya babu huyo na inakupeleka kwa babu yake, ya tatu inamalizia. Ukitaka kila hati mbili zikutane kwa majina mawili, unahitaji 5. Hati mbili za ziada ndiyo bei ya uhakika, na mtu akizikwepa atalipa baadaye.

Kwa nini? Chukua mji wenye wanaume 16,000, na tukadirie kwamba mmoja katika kila 20 anaitwa Juma, mmoja katika kila 20 anaitwa Selemani, na majina mengine mazoefu yako kwa kiwango hicho hicho. Ukimtafuta Selemani bila jina lingine, wako 800. Ukimtafuta Juma Selemani, wako 40. Ukiwa na majina matatu wanabaki 2. Mtu anayeunganisha hati zake kwa jina moja anachagua mmoja katika 800, kisha anamwita babu.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha njia ya mkato. Jina la tatu linagawa kwa 20. Ukijua mtaa, na mji una mitaa kumi inayokaribiana kwa ukubwa, umegawa kwa 10. Ukijua muongo aliozaliwa, miongoni mwa watu wa rika zote hadi miaka 60, umegawa kwa 6. Mtaa na muongo kwa pamoja vinagawa kwa 60, yaani vina nguvu mara tatu ya jina la tatu. Wale Juma Selemani 40 wanakwisha, anabaki mmoja. Kwa hiyo ukikaa na mzee ukamuuliza majina tu, umeuliza nusu ya swali. Muulize alikaa wapi, na alizaliwa kabla au baada ya jambo gani: vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyoanza 1914, uhuru wa 1961. Wazee wengi hawana tarehe lakini wana matukio, na tukio lina mwaka wake.

Muongo una kazi nyingine ambayo majina hayawezi kuifanya. Familia nyingi humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la baba wa baba yake. Wakikuyu wana utaratibu huo, na pwani ni jambo la kawaida. Matokeo yake ni mnyororo unaojirudia: Ali Juma Ali, mwanawe Juma Ali Juma, mjukuu wake tena Ali Juma Ali. Hati ya babu na hati ya mjukuu zinafanana herufi kwa herufi, na kati yao iko miaka 60. Hapo majina matatu, hata manne, hayakusaidii kitu. Hati isiyo na tarehe katika familia ya namna hiyo iweke pembeni mpaka upate shahidi mwingine.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu wenyewe na linaongezeka. Shule, pasipoti na fomu za benki zimezoeza watu kulichukua jina la tatu kama jina la familia lisiloguswa. Rashidi, mwana wa Hamisi Juma Selemani, anaandikishwa shuleni Rashidi Hamisi Selemani badala ya Rashidi Hamisi Juma. Mwanawe anaandikwa Ali Rashidi Selemani. Sasa msomaji wa miaka 50 ijayo, akiusoma mstari huo kwa kanuni ya zamani, atadhani Selemani ni baba wa Rashidi. Hamisi amepotea, Juma amepotea, na miaka 60 imekunjwa. Atakwenda kumtafuta Selemani katika madaftari ya miaka ya 1950 wakati mtu mwenyewe alikufa kabla ya 1920. Simlaumu mzazi anayetaka watoto wake wote wawe na jina moja la mwisho, kwani safari za nje na mirathi vinamsukuma huko. Ninachosema ni kwamba atakayegandisha jina aandike mahali fulani, kwa mkono wake, nani ni mwana wa nani. Gharama yake ni karatasi moja.

Tuje kwenye madaftari yenyewe, maana mnyororo bila daftari ni simulizi. Uingereza iliyaamuru makanisa yaanze kuandika ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538, na usajili wa serikali ukaanza tarehe 1 Julai 1837. Hiyo ni karibu miaka 490 ya maandishi, vizazi kumi na sita. Iceland, ambako mpaka leo wengi hubeba jina la baba badala ya jina la ukoo, kama sisi, ilihesabu watu wake wote kwa majina mwaka 1703 na kupata 50,358. Kwa msingi huo na madaftari yaliyofuata, Waisilandi wamejenga hazina ya nasaba yenye watu zaidi ya 800,000, katika nchi ambayo walio hai hawafiki 400,000. Nawataja kwa sababu wanakanusha dai ambalo nimelisikia mara nyingi, kwamba jina linalobadilika kila kizazi haliwezi kufuatiliwa. Linafuatilika vizuri sana, iwapo kila mstari umetunzwa.

Kwetu maandishi yalianza kwa kuchelewa na kwa mafungu. Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilianzishwa 1868, kwa hiyo mahali palipoandika mapema namna hiyo pana vizazi vitano. Kilimanjaro, misheni za Wakatoliki na za Walutheri wa Leipzig zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini haikuwalazimisha Waafrika. Kenya iliupanua usajili wa lazima wilaya kwa wilaya tangu 1963, ukaenea nchi nzima 1971: hapo ni vizazi viwili kwa shida. Na hata kizazi cha juzi hakiko salama. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2010 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano walioandikishwa ni kama 16 tu katika kila 100. Watoto 84 waliobaki, ambao leo ni vijana, wengine wanahangaika na viapo mahakamani kuthibitisha walizaliwa lini na nani.

Kenya ina chanzo kimoja chenye uchungu. Sheria ya kipande, iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea kutembea na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na mwajiri wake. Iliwekwa kuwabana wafanyakazi. Kama familia yako imehifadhi moja, usiitupe. Ni hati ya serikali iliyomwandika mtu ambaye hakuna daftari jingine lililomwandika.

Sasa gharama. Fikiria parokia iliyobatiza watu 300 kwa mwaka kwa miaka 40: mistari 12,000. Kama jicho linatumia sekunde 30 kwa mstari, mwandiko ukiwa wa kalamu ya wino na maneno ya Kilatini, ni saa 100. Kwa saa sita kwa siku, siku 17. Tuseme kulala na kula ni shilingi 40,000 kwa siku: jumla 680,000, bila nauli. Sasa tuseme ulikwenda ukijua mwaka wa kuzaliwa kwa kukosea miaka miwili mbele au nyuma. Unasoma miaka mitano, mistari 1,500, saa 12 na nusu. Siku tatu, shilingi 120,000. Tofauti ya shilingi 560,000 ni thamani ya swali moja ulilomuuliza shangazi kabla ya kupanda basi. Hakuna kifaa wala programu inayoleta faida ya namna hiyo.

Ukiwa kwenye daftari la Kikatoliki, tazama pembeni mwa mstari. Tangu 1908 kanisa hilo linataka ndoa ya mtu iandikwe pia pembeni mwa ubatizo wake, hata akifunga ndoa parokia ya mbali. Mstari mmoja unaweza kukupa mwaka wa kuzaliwa, wazazi, msimamizi, na mji alikohamia. Wengi husoma jina na kufunga kitabu.

Tahajia nayo inakula saa. Wajerumani waliandika Kilimandscharo na Bagamojo, na kwa kanuni hiyo Juma anaweza kuwa Djuma au Dschuma. Ongeza Jumaa, una sura nne. Abdallah ana sura tano ukihesabu Abdalla, Abdulla, Abdullah na Abdala. Mohamed ana tano nyingine bila kutafuta sana. Mtu mmoja aitwaye Juma Abdallah Mohamed anaweza kuandikwa kwa namna 4 mara 5 mara 5, yaani 100. Anayetafuta kwenye kompyuta kwa tahajia moja amejaribu sehemu moja katika mia, na mashine ikimjibu kwamba hakuna, anaamini.

Hati za makadhi, wakfu na mirathi za Unguja na Mombasa zina tarehe za Hijria. Mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Kizungu. Mwaka 1300 Hijria ulianza tarehe 12 Novemba 1882. Mtu anayeelezwa ana miaka 66 kwa hesabu ya Kiislamu ana 64 kwa hesabu ya kanisa, na miaka hiyo miwili ndiyo huwafanya ndugu wawili waonekane mtu mmoja, au mtu mmoja aonekane ndugu wawili. Hazina ya hati hizo iliyo kubwa zaidi nchini iko Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Mkusanyo wake wa maandishi ya Kiarabu uliingizwa kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Nyaraka za Wajerumani zilizoko Dar es Salaam ziliingia 1997. Mali hii iko nyumbani, na wanaoifungua kwa ajili ya koo zao ni wachache mno.

Kwa maelfu ya familia, mnyororo unakatika mahali pamoja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ikatolewa Aprili 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Aliyetaka uhuru wake Unguja baada ya amri ya 1897 alilazimika kwenda mahakamani kuudai. Wengi waliingia katika maandishi kwa jina la kupewa, na palipohitajika jina la baba, wengi waliandikwa bin au binti Abdulla, mwana wa mja wa Mungu. Wengine walichukua nisba ya waliowamiliki, hivyo mtu anaweza kubeba jina la kabila la Oman bila tone la damu ya Oman. Hilo si aibu ya aliyelibeba. Ni ushahidi, na unasomeka: unaonyesha mtu huyo alikuwa nyumba ya nani, na kupitia mirathi ya nyumba hiyo unaweza kumkuta akitajwa.

Jacob Wainwright ni mfano ulio wazi. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik karibu na Bombay, akawa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa David Livingstone hadi mazishi ya London tarehe 18 Aprili 1874. Jina la Wainwright ni la Kiingereza. Ukilifuata kwenye madaftari ya Uingereza utapata maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja aliye babu yake. Waliokombolewa kama yeye ndio walioujaza mji wa Freretown, Mombasa, ulioanzishwa 1875. Koo zao nyingi zina kizazi cha kwanza chenye tarehe kamili na, juu yake, ukuta. Kwa hao swali lenye faida si jina la babu. Ni meli iliyomkomboa, mwaka, na lugha aliyosema aliposhuka. Barua na ripoti za misheni iliyouanzisha mji wa Freretown ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za Mapadri wa Roho Mtakatifu wa Bagamoyo ziko Chevilly, Ufaransa.

Tena, jina la baba si ukoo kwa kila mtu. Waluguru, Wayao, Wamakonde na Wamakua huhesabu ukoo kwa mama. Mluguru mwenye cheti chenye majina matatu ya kiume ana mnyororo kamili wa watu ambao kwa desturi si wa ukoo wake. Akitaka ukoo, apande kwa mama, bibi mzaa mama, na mama wa bibi, ambao cheti hakiwataji kabisa. Kwa Wachaga mambo ni kinyume: Mushi, Massawe au Lyimo ni jina la ukoo linalokaa, linakupa kundi na mara nyingi eneo la mlima, lakini halikupi mpangilio. Nani alimzaa nani utakuta kwa wazee na katika mashamba ya kihamba yaliyorithiwa.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya, bei zinajulikana. Cheti cha Uingereza ni pauni 12.50. Wazazi, mababu na wazazi wa mababu ni watu 14: vyeti 14 vya kuzaliwa, 7 vya ndoa na 14 vya kifo ni 35, jumla pauni 437.50. Uskoti mtu anaona picha ya hati kwa pauni 1.50. FamilySearch, shirika la kanisa la Wamormoni, halitozi kitu. Limegeuza filamu zake milioni 2.4 kuwa picha za kidijitali, kazi iliyoanza 1998 na kukamilika 2021, na katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Ghana, Nigeria na Kongo limewatuma watu vijijini kuandika nasaba kutoka midomoni mwa wazee. Hapo ndipo pa kuanzia kwa asiye na fedha.

Kipimo cha vinasaba cha dola kama 100 kina mipaka ambayo matangazo hayaisemi. Babu mmoja wa ngazi ya saba juu yako, katika 128 wa safu hiyo, amekuachia kwa wastani sehemu isiyofika asilimia 1. Kipimo cha kufuata njia ya baba pekee ndicho kinachokwenda sambamba na mnyororo wa majina, na hicho kinafaa tu kama jamaa wa mbali naye amepima. Watu wa kwetu waliopima ni wachache. Halafu fikiria siri: kampuni ya 23andMe, yenye data za watu kama milioni 15, iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025. Unachotoa si chako peke yako. Ni cha watoto na ndugu zako pia.

Hukumu yangu ni kwamba hati yenye thamani kubwa kuliko zote Afrika Mashariki bado ni mtu. Aliyezaliwa 1940 anaweza kuwa alikaa na babu aliyezaliwa 1880, na babu huyo alimjua babu yake wa 1820 kwa jina. Vizazi saba, ukijihesabu wewe, vinakaa katika mazungumzo ya saa moja, na kuirekodi saa hiyo kwa simu kunachukua nafasi ndogo kuliko video fupi ya harusi. Waombeni mapadri, wachungaji na maimamu wawaruhusu kupiga picha madaftari ya zamani kabla mchwa na mvua havijayafikia. Andikeni majina matatu kamili ya kila mtoto, pamoja na mahali, mwaka, na majina matatu ya mama yake. Na kama shangazi yako mkubwa bado anaongea vizuri, mpigie wiki hii, kabla hujapanga safari ya Kilimani.